Ubavu wa Pili

Mzee Mabruki hakuwa na ugomvi na watu wote wa Chokocho. Wengine walikuwa wameshakufa. Waliobaki, kila mmoja alikuwa na lake: jirani yake Masoud kwa sababu ya jogoo aliyekuwa akiwika kila Mabruki anapoanza kupiga fidla, muadhini kwa sababu ya spika, ndugu zake wa kuumeni kwa sababu ya mikarafuu ya urithi, na mwanawe wa kwanza, Haroub, kwa sababu moja iliyozishinda zote. Haroub alisema fidla ni haramu. Alisema mara moja tu, nyumbani kwa baba yake, sahani ya muhogo ikiwa katikati yao, na tokea siku hiyo baba na mwana hawakusemezana ila kwa kupitia kwa Mwanawema, mama wa nyumba, aliyebeba maneno ya huku kuyapeleka kule hata akachoka kuwa simu ya watu wawili wanaokaa hatua chache baina yao.

Kazi ya Mabruki ilikuwa kuchora ramani za vyombo. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha chelezoni, pale boti zinapoundwa na kutengenezwa, ameinamia meza pana yenye karatasi. Alikuwa na fito zake, vipande vyembamba vya mti laini, ambavyo huvipinda juu ya karatasi na kuvikandamiza kwa vyuma vizito ili vishike mkunjo wa ubavu wa chombo. Kisha hupitisha penseli polepole, pumzi ameizuia. Mafundi walimwogopa. Akimkuta mtu amekata bati nje ya mstari, humwita mbele ya wenzake na kumuuliza kama ana macho au ana mashimo ya kutilia machozi tu. Boti inayovusha watu baina ya Chokocho na Kisiwa Panza ni mkono wake, na nusu ya abiria wanaoipanda hawamwamkii.

Kuna jambo moja la kazi hiyo wasilolijua wasiokuwa wenyewe. Mchoraji hachori chombo kizima. Huchora ubavu mmoja tu, tokea omo, mbele ya chombo, mpaka tezi, nyuma yake. Ubavu wa pili hauchorwi, kwa kuwa ni ule ule umegeuzwa, na fundi anajua hivyo bila ya kuambiwa. Mabruki aliishi na kanuni hii mpaka ikamwingia damuni. Akishaliona jambo kwa upande mmoja, alihesabu keshalimaliza. Zilipoingia kompyuta chelezoni aliambiwa ajifunze, akasema mstari usioshikwa kwa mkono hauna wazee, akafunga fito zake kwa kamba akarudi kijijini na ghadhabu zake.

Fidla aliipata ujanani kwa Mzee Mjaka, mpigaji wa zamani aliyekaa nyuma ya chelezo. Mjaka alimfundisha kila jioni baada ya kazi, akimpiga vidole kwa upinde anapokosea, na alipoona umri umemtupa mkono akamkabidhi ala yenyewe. Mabruki hakupiga kwa ujira hata siku moja. Alipiga kwa kupenda, na kwa miaka mingi alikuwa na kikundi cha wapenzi wenziwe, wavuvi na walimu na karani mmoja wa posta, waliokutana kupiga taarabu ya zamani ya kukaa na kutulia. Kikundi kilivunjika siku aliyomsimamisha mwimbaji katikati ya harusi ya watu akamwambia sauti imeshuka. Ilikuwa imeshuka kweli. Lakini bwana harusi wa siku hiyo alikuwa mtoto wa yule mwimbaji.

Basi akabaki anapiga peke yake, barazani, baada ya sala ya alasiri, na jogoo wa Masoud akimwitikia.

Katika nyumba ile mtu mmoja tu hakuwa adui, naye ni Asma, kitindamimba. Huyu tokea utotoni alikuwa akikaa chini ya meza ya baba yake, kashika kile kipande cha ulimbo wa kupakia upinde, akikinusa kama tende. Mabruki akipiga, Asma hutulia. Mabruki hakuomba kingine kwa mtu. Siku aliyozaliwa Asma, baba yake alitunga wimbo usio na maneno, akaupa jina la mtoto, na akaapa mbele ya kila aliyekuja kutazama mzazi kwamba ataupiga amesimama mlangoni mwake siku Asma atakapotoka kwenda kwa mumewe. Kiapo hicho Chokocho nzima ilikijua. Wengine walikuwa wakikitania, lakini kwa mbali.

Posa ilitoka Kiuyu, huko kaskazini. Kijana mwenyewe, Fahmi, hakuwa na neno. Mpole, fundi wa mafriji, anacheka hata pasipo kichekesho. Tatizo ni baba yake, Shehe Zubeir, mtu mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hajapata kuinua sauti kwa sababu hajapata kukatazwa kitu. Alikuja na wazee wenziwe, wakakaribishwa, wakanywa kahawa, wakaafikiana mahari bila ya tabu. Kisha Shehe Zubeir akaweka kikombe chini akasema ana sharti moja. Amesikia kuwa nyumba hii ina fidla. Wao hawaingizi ala za muziki katika ndoa zao.

“Ukisikika hata uzi mmoja siku hiyo,” akasema, “tutageuza gari turudi Kiuyu bila ya mke.”

Mabruki akamjibu kwa adabu kamili, na adabu ya Mabruki ilikuwa mbaya kuliko matusi yake. Alisema Shehe ni mgeni wake na mgeni hakatazwi kusema. Lakini mlango ni wake, binti ni wake, na kiapo alikwishakila kabla Shehe hajaijua njia ya Chokocho.

“Nami nikizuiwa kupiga,” akasema, “gari mtaligeuza vilevile.”

Hapo kila mtu angedhani posa imekufa. Haikufa. Wazee wa pande zote mbili walifanya wafanyavyo wazee: walikubaliana yote mengine, na hilo moja wakaliacha lijitatue lenyewe. Asma alikuwa chumba cha pili akisikia kila neno. Hapana aliyekwenda kumuuliza, kwa kuwa hapana aliyeona kama yumo.

Mwanawema ndiye aliyejaribu kuziba ufa. Alimlilia mumewe kwa siku nyingi kwamba angalau ampe Haroub uwakala wa kumwozesha dada yake, ili uso wa mtoto urudi mbele za watu. Kwa sheria baba ndiye walii, na ndoa haifungiki ila kwa kauli yake au ya mtu aliyempa uwakala. Mabruki alikataa, akakataa tena, kisha siku moja ya wiki ya harusi akaenda na mkewe kwa Mwalim Khatib, imamu wa mtaa, akatamka mbele ya mashahidi kwamba Haroub ni wakili wake. Ni kitu cha kwanza kumpa mwanawe tangu ile sahani ya muhogo. Lakini hakukitoa bure. Njiani akamtuma mkewe: “Mwambie mdomo ni wake. Mlango bado wangu.”

Mwanawema akaufikisha ujumbe wa kwanza, wa pili akaumeza.

Siku ya Ijumaa, siku ya harusi yenyewe, uwanja wa nyuma ulijaa wanawake tangu alfajiri. Zulekha, dada yake Mabruki, ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Masufuria makubwa ya pilau yalikuwa yameshapandishwa juu ya mafiga na moshi ukizunguka nyumba. Mabruki alitoka chumbani akinusa. Kulikuwa na harufu ya vanishi iliyoungua. Akawashukia wale wanawake kama alivyokuwa akiwashukia mafundi wa chelezoni, akawauliza nani mpumbavu aliyetia ubao wa rangi chini ya chakula cha watu, au wanataka wageni wa Kiuyu wafie Chokocho ili yeye aandikwe jina. Wanawake wakainama. Hata Zulekha, ambaye hajapata kumwachia kaka yake neno likapita bila ya kulirudishia, aliendelea kukoroga bila ya kumtazama. Mabruki akaona wamemwogopa, na hilo likamburudisha kidogo. Akarudi ndani kwenda kupatanisha nyuzi zake.

Msumari anapoitundika fidla ulikuwa mtupu.

Fidla haikuwapo, upinde haukuwapo, na mfuko wake wa kitambaa ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kiti. Mabruki alisimama akautazama ule msumari. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshaibiwa fidla hii mara mbili na watu wa nyumba yake mwenyewe. Mara ya kwanza Mwanawema aliificha ndani ya gunia la karafuu, na mara ya pili Haroub aliichukua akaifungia ghala ya madrasa anakosomesha. Zote mbili aliiona, na zote mbili nyumba ilipata msiba usiokuwa na maiti: mara ile alikataa kula chakula cha mkewe, na mara hii alimwendea mwanawe madrasani akamtukana mbele ya wanafunzi wake. Sasa akasogea dirishani. Akamwona Haroub anatoka uani na majamvi ya msikitini yaliyokunjwa, kayabeba begani, anakwenda mbio mbio, kichwa chini. Jamvi lililokunjwa ni refu na nene. Linameza fidla na upinde wake na nafasi ikabaki.

Mtu mwingine angemkimbilia akamkamata pale pale. Mabruki alikuwa hasimu mzoefu zaidi ya hivyo. Kumuuliza mwizi mapema ni kumpa nafasi ya kutafuta pa kufichia. Akaoga, akavaa kanzu yake ya melimeli na koti na kofia ya vito, akajitia udi, akatoka. Mkewe alimuuliza kama yuko salama. Akasema hajapata kuwa salama kama leo, na Mwanawema, aliyemjua, alishika ukingo wa mlango.

Baada ya sala ya Ijumaa watu hawakutawanyika. Wageni wa Kiuyu walikuwa wamejaa safu za mbele, Fahmi katikati na kilemba kipya kinachomshuka machoni, Shehe Zubeir kando yake. Mwalim Khatib akasoma khutba ya ndoa. Haroub akasogea mbele, akakaa akielekeana na Fahmi goti kwa goti, akanyoosha mkono ili kuupokea wa shemeji yake. Alikuwa amezitengeneza ndevu zake vizuri. Uso ulikuwa ukimng'ara. Ni furaha ya mtu aliyerudishiwa heshima yake mbele ya mji.

“Mwalim,” akasema Mabruki kutoka safu ya pili, “uwakala n'loutoa nimeuvua.”

Msikiti wote ukageuka. Mwalim Khatib akadhani hakusikia vyema, akamwomba arudie. Mabruki akasimama, akarudia kwa sauti ile ile. Amemvua Haroub uwakala, na binti yake hataolewa leo mpaka arejeshewe mali yake aliyoibiwa asubuhi, na mwizi yumo humu ndani kakaa mbele ya watu na ndevu zake.

Haroub alirudisha mkono wake mapajani. Akauliza ameibiwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baba yake uso kwa uso tangu ugomvi wao, na Mabruki hakulijibu suali, alimjibu Mwalim: aulizwe alichokibeba ndani ya majamvi. Majamvi yalikuwa yametandikwa, wageni wa Kiuyu wameyakalia. Hamkuwa na kitu ndani yake ila ukindu.

“Wallahi, Baba, fidla yako sikuigusa leo,” akasema Haroub. “Hapa ni msikitini. Naapa.”

“Basi leo umekuwa mwizi na mwongo,” akasema Mabruki.

Neno lile lilipotoka, hata Masoud, mwenye jogoo, ambaye hakuwa na sababu ya kumhurumia mtu wa nyumba ile, alifunika macho kwa kiganja. Shehe Zubeir akaanza kukusanya kanzu yake ili ainuke, akimwambia Fahmi waondoke, ndoa inayoanza kwa fidla ndivyo inavyokwisha. Fahmi hakuinuka. Alimtazama baba yake, akatazama chini, akabaki amekaa, na kwa kijana mpole kama yule huo ulikuwa uasi.

Mwalim Khatib ndiye aliyewashika wote. Alisema kumvua wakili ni haki ya walii, hilo halina mjadala. Lakini ridhaa ya mwari asubuhi ilichukuliwa na Haroub, naye ameshavuliwa. Basi Mzee Mabruki aende mwenyewe nyumbani sasa hivi, na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, akamuulize binti yake kama anaridhia kuozwa. Akiridhia, hana hoja tena ya kuichelewesha. Ya fidla yatatazamwa baadaye. Alisema hivyo kwa upole, ila alishasimama na kumwonyesha mlango. Wakatoka watatu: Mabruki, Shehe Zubeir na Masoud, kila mmoja akienda upande wake wa njia.

Habari ilikuwa imeshawatangulia, maana simu za wanawake ziko mbele ya miguu ya wanaume. Uwanja ulikuwa kimya. Mwanawema aliketi kizingitini, kajifunika kanga usoni. Chumba cha mwari kilikuwa na pazia mlangoni, na harufu ya udi na asumini ikipenya. Vitabu vimesema mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake, kwa kuwa haya humzuia kusema. Kila binti wa Chokocho hufunzwa hivyo na somo wake, mwanamke anayemfunda: ukiulizwa, inama, usiseme kitu. Mabruki akasimama nje ya pazia, mashahidi nyuma yake, akauliza kama ipasavyo.

“Asma binti Mabruki, umeniridhia nikuoze kwa Fahmi bin Zubeir?”

Kimya. Masoud akatikisa kichwa kuonyesha amekisikia kimya hicho, akageuka kuondoka. Shehe Zubeir pia. Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya pazia, na haikuwa sauti ya mtu anayelia.

“Baba, hebu ngojeni. Haroub kakufanyani?”

“Kaniibia fidla.”

“Haroub hakuiba kitu. Mie ndo n'loichukua.”

Mabruki alishika fremu ya mlango. Akauliza iko wapi.

“Jikoni,” akasema Asma. “Chini ya sufuria ya shangazi. N'liitia alfajiri, kwa mkono wangu, na upinde wake.”

Pilau ilikuwa imepikwa kwa moto wake. Harufu ile ya vanishi ikamrudia puani, na nyuso zilizoinama, na Zulekha anayekoroga bila ya kumtazama. Walijua wote. Uwanja mzima wa wanawake ulijua, ukamwacha apige kelele juu ya moto huo huo akiulizia ubao wa nani.

Shehe Zubeir aliona huu ndio wakati wake. Akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba Mwenyezi Mungu atamlipa kheri binti aliyechagua dini yake juu ya…

“Si kwa ajili yako, Shehe,” akasema Asma, na pazia likatikisika. “Uniwie radhi, lakini usijipe kitu kisicho chako. Weye na Baba mmekula viapo viwili juu ya kichwa changu, na hapana hata mmoja aloniuliza mie. Ningeificha, Baba angeiona, huiona siku zote. Angeipiga, weye ungegeuza gari. Basi nkaitia motoni, nikae mie baina yenu, yenyewe isiwepo.”

Shehe Zubeir hakuwa amezoea kukatazwa. Akarudi nyuma hatua moja.

“Wimbo ule wako,” akasema Mabruki. Hilo ndilo lililomtoka, si jingine. Mtu mwenye maneno ya kumtosha kila mtu wa kijiji, alibaki na hilo moja.

“Wimbo wako mwenyewe, Baba. Mie n'lipewa jina tu. Nkiupenda. Wallahi nkiupenda, nkiwa mdogo chini ya ile meza. Lakini kila ukiupiga pana mtu unayemkomoa. Mara Haroub, mara mama, mara Bwana Masoud na kuku wake. Na leo ungeupiga kumkomoa Shehe, mie nimesimama katikati na shela. Mie nataka nitoke kwenye nyumba hii siku moja tu bila ya vita.”

Hasira ilimpanda Mabruki, ile hasira yake aliyoijua, iliyokuwa ikija imekamilika na maneno yake. Akaingoja ifike mdomoni. Haikufika, kwa sababu alikuwa ameitambua ile sauti ya nyuma ya pazia. Alijua inavyosimama pale isipotaka kusogea. Alijua inavyochoma kitu kizima kuliko kukubali nusu. Miaka yote alimhesabu Asma kuwa ndiye mpole wa nyumba, wa peke yake, asiyefanana na mtu. Kumbe ni yeye mwenyewe, Mabruki, tokea omo mpaka tezi, amegeuzwa tu. Na ubavu ule hakuwahi hata siku moja kuukagua.

Masoud alikohoa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wanangoja msikitini.

“Asma,” akasema Mabruki, “nakuuliza tena mbele ya mashahidi. Umeniridhia nikuoze kwa Fahmi?”

Safari hii Asma hakusema kitu. Mashahidi wakakishuhudia kimya chake, wakatoka.

Njia ya kurudi ilipita jikoni. Mabruki hakukusudia kusimama, akasimama. Moto ulikuwa umeshapunguzwa, makaa yamesogezwa pembeni na mengine yamewekwa juu ya mfuniko ili pilau ikauke. Ndani ya jivu kulikuwa na waya mwembamba umejikunja, mweusi, na mwingine kando yake. Zulekha alishika upawa akingoja kutukanwa. Kaka yake alitazama zile waya, akaondoka, na hakumwambia kitu. Zulekha alisema baadaye kuwa afadhali angemtukana.

Msikitini alikwenda moja kwa moja mbele. Haroub alikuwa amehamia safu ya nyuma karibu na viatu, mahali wanapokaa watoto. Mabruki akakaa pale alipokuwa amekaa mwanawe, goti kwa goti na Fahmi. Mwalim Khatib akamuuliza kama mwari ameridhia. Akasema ameridhia. Kisha akageuza shingo, na shingo ile ilikuwa nzito, kila mtu aliona.

“N'limsingizia mwanangu mbele yenu,” akasema. “Fidla hakuichukua. Haroub, nisamehe.”

Watu wakangoja. Haroub alikuwa akiangalia jamvi, akichonga ukindu kwa ukucha. Hakuinua uso na hakujibu. Kimya cha mwari kina hukumu yake, wanavyuoni wameshaimaliza. Kimya cha mtoto wa kiume aliyeitwa mwizi na mwongo ndani ya nyumba ya Mungu, siku aliyotengeneza ndevu zake kwa furaha, hicho hapana kitabu kilichokisemea, na Mwalim Khatib, mwenye vitabu vingi, alitazama pembeni. Mabruki alingoja mpaka kungoja kukawa aibu. Kisha akaushika mkono wa Fahmi, akaitamka kauli, na Fahmi akaipokea haraka haraka kabla mtu mwingine hajasimama.

Pilau ikapakuliwa. Masinia yalitandazwa barazani na uwanjani, watu wanne wanne, na wapangaji wa masinia, ambao siku kama hizi huwa hawana macho, walimkalisha Mabruki na Shehe Zubeir na Masoud kwenye sinia moja. Mahali pa wa nne palikuwa patupu. Watu walipita wakapaona, wakajitia kumtafuta mtu mwengine. Mwisho Haroub akaja akakaa. Akanawa. Shehe Zubeir akasema bismillahi na kula kwa bidii, kama mtu aliyeshinda jambo ambalo hataki kuulizwa alilishindaje. Masoud alikula na macho yake chini. Mabruki alikuwa ametia mkono ndani ya wali na mkono haukutoka.

Kwa desturi nyama huwekwa katikati, na mdogo humchambulia mkubwa. Haroub alichambua kipande, akakisukuma kwa vidole mpaka upande wa baba yake, na hapo ndipo alipomtazama.

“Kula, Baba,” akasema. “Kuni zilikuwa zako.”

Hakuna aliyejua kama ni msamaha au ni kisu, na pengine Haroub mwenyewe hakujua. Mabruki akafanya tonge. Pilau ilikuwa nzuri. Zulekha hajapata kuharibu pilau. Akala, akafanya jingine akala, na akaendelea mpaka upande wake wa sinia ukaonekana chini.

Alasiri gari za Kiuyu zikapanga foleni mbele ya nyumba. Ilikuwa saa yake, saa ile aliyoiapia tangu mtoto akiwa wa siku moja, na Mabruki akaenda akasimama mlangoni pale pale alipoapa kusimama, mikono mitupu. Jogoo wa Masoud alikuwa juu ya ukuta, kimya. Wanawake wakamtoa Asma kajifunika, mama yake kamshika kiuno, na Shehe Zubeir akiwa kando ya gari la kwanza anatazama saa. Baba akanyoosha mkono wa kulia, kama ilivyo ada, ili mwari aubusu na kuomba radhi.

Asma aliuacha. Alichukua mkono wa kushoto, ule wa nyuzi, wenye vidole vilivyokuwa vigumu nchani kwa miaka na miaka ya kukandamiza. Akaubusu hapo, kwenye vidole, kimoja baada ya kimoja, akaurudisha ubavuni mwa baba yake, akaingia garini.